Uzi wa Maziwa

Picha yenyewe ni ndogo. Ina kimo cha sentimita 45.5 na upana wa sentimita 41. Mtu angeweza kuichukua kwapani. Imetundikwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, jengo lilelile lenye picha ya Rembrandt ya mgambo wa usiku, ambayo upana wake unapita mita nne. Hii ndogo inamwonyesha mtumishi wa jikoni akimimina maziwa. Basi. Hakuna mgeni anayebisha hodi, hakuna barua iliyofika, hakuna paka anayenyemelea. Mwanamke ameinamisha uso, jagi la udongo liko mikononi, na kutoka kwenye mdomo wa jagi unashuka uzi mwembamba wa maziwa hadi ndani ya chungu chenye vishikio viwili. Mezani kuna mikate. Ukutani kuna msumari.

Johannes Vermeer aliichora mjini Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1650, kabla hajatimiza miaka 30. Kazi zake zinazojulikana leo hazifiki 40, na kila anayezipenda ana yake moyoni. Yangu ni hii, na sababu ni ya kiufundi. Niitazame nikianzia pembe yoyote, hatimaye najikuta nimerudi kwenye ule uzi wa maziwa. Si kitu kikubwa, wala hakikupakwa rangi kali. Kipimo chake juu ya turubai ni kidogo kuliko cha kipande kimoja cha mkate. Nguvu ya kunirudisha pale imetoka wapi?

Wafundishaji wa uchoraji wana jibu tayari: mchoraji huliongoza jicho. Vitabu vyao huchukua picha maarufu, vikachora mishale juu yake, ingia hapa, pinda pale, malizia huku, utadhani jicho ni gari kwenye barabara ya njia moja. Mishale hiyo siiamini. Katika miaka ya 1950 na 1960 mwanasayansi wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alipima kwa vifaa jinsi macho yanavyotembea juu ya picha. Alibandika kifaa kidogo kwenye jicho la mtazamaji, akamwekea mbele picha ya Ilya Repin ya mtu anayerejea nyumbani bila kutarajiwa, akafuatilia jicho linatua wapi na linaruka kwenda wapi. Alichokipata ni mirukoruko isiyo na utaratibu wa barabara: usoni, mkononi, usoni tena, kwa mtu mwingine, kurudi usoni. Na alipomuuliza mtazamaji swali, kwa mfano watu hawa wana umri gani, au hali ya familia hii ni ya namna gani, miruko ile ikabadilika kabisa.

Kwa hiyo mchoraji hana uwezo wa kumshika mtazamaji mkono akampitisha hatua kwa hatua. Mtazamaji ataanzia anapotaka na atazurura anavyotaka. Kilicho ndani ya uwezo wa mchoraji ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi: kuamua jicho litapita wapi bila kukaa, na litarudi wapi bila kuitwa. Vermeer alilifanya hilo kwa kuondoa kuliko kwa kuongeza, na mahali pa kuonea ni ukuta.

Ukuta huo ndio unaochukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote katika picha. Ukiulizwa rangi yake utasema ni nyeupe, na hutakuwa umekosea. Lakini ukiutazama kipande kwa kipande, weupe wenyewe huuoni. Unaona kijivu cha baridi karibu na dirisha, kahawia hafifu kwenye kona, manjano ya siagi sehemu fulani, kisha upande wa kulia mwanga unaongezeka hadi ukuta unakuwa kama shuka la kitani lililofuliwa likachakaa. Kuna madoa. Kuna matundu yaliyoachwa na misumari iliyong'olewa. Mtu aliyepaka ukuta huu aliukagua kwa umakini ambao wengine huuweka akiba kwa ajili ya nyuso za wafalme.

Dirisha liko kushoto. Mwanga unaingia kwa mshazari, unairuka kona iliyo jirani na dirisha lenyewe, unampiga mwanamke ubavuni, kisha unatua kwenye ukuta ulio nyuma yake kulia. Ndiyo maana ukuta una giza karibu na dirisha na unang'aa mbali nalo. Vyumba vyenye dirisha moja la pembeni ndivyo vilivyo. Yeyote anaweza kuhakikisha nyumbani kwake asubuhi. Ila tazama mwanamke alivyowekwa katika mabadiliko hayo. Upande wake uliopigwa na mwanga unakutana na sehemu ya ukuta iliyo kijivu. Mgongo wake ulio kivulini unakutana na sehemu ya ukuta iliyo nyeupe kuliko zote. Mwanga umewekwa juu ya giza upande mmoja, na giza juu ya mwanga upande wa pili, kwa hiyo kila ukingo wa mwili wake unaonekana bila mchoraji kulazimika kuuchongea mpaka. Leonardo da Vinci alikwisha kuwashauri wachoraji hivyo katika maandishi yake, zaidi ya miaka 100 kabla ya Vermeer. Ushauri ni mwepesi kuusoma. Kuutekeleza ndani ya chumba kinachoaminika, bila mtu kushuku kwamba mwanga umepangwa, ni kazi ya miaka.

Na hata hivyo Vermeer hakuridhika. Ukisogea karibu, au ukiikuza picha kwenye kioo cha simu, utaona mstari mwembamba mweupe unaofuata ukingo wa mwili wa mwanamke upande wa kivuli, kati yake na ukuta. Katika maisha mstari huo haupo. Hakuna taa nyuma ya mwanamke inayoweza kuuzaa. Mchoraji aliyehesabu kila doa la ukuta, aliyeheshimu kila tundu la msumari, alipofika hapo aliamua kudanganya, kwa sababu ukingo wa mwili ulihitaji kuruka mbele kidogo tu kuliko fizikia ilivyoruhusu. Na uongo wenyewe ni mdogo mno hivi kwamba maelfu hupita mbele ya picha kila wiki bila kuugundua. Ungekuwa mpana zaidi ungefanana na mwangaza wa watakatifu. Ungekuwa mwembamba zaidi usingefanya kazi. Ninaustahi mstari huo kuliko mikate yote iliyo mezani.

Ukuta una siri nyingine, na hii imekuja kufahamika vizuri juzijuzi tu. Mwaka 2022, Rijksmuseum ilipokuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa ya 2023 yaliyokusanya picha 28 za Vermeer, wataalamu waliichunguza picha hii kwa vifaa vinavyoona kilichomo chini ya rangi. Nyuma ya kichwa cha mwanamke walikuta ubao wa kutundikia majagi, na majagi yenyewe yakining'inia. Chini kulia palikuwa na tenga lililosukwa, la aina iliyowekwa juu ya moto ili kukaushia nguo. Vyote viwili alivianza, kisha akavifunika. Chini ya mkono wa kushoto wa mwanamke kulionekana pia mapigo manene ya rangi nyeusi, ya kupanga giza la ukuta, yaliyotupwa kwa haraka. Tumezoea kumwaza Vermeer kama mtu wa subira isiyo na mwisho, anayegusa turubai kwa pumzi. Kumbe mwanzoni alikuwa anakimbia. Subira ilikuja baadaye, na sehemu yake kubwa ilikuwa subira ya kufuta.

Hebu rudisha yale majagi akilini. Vitu vya mviringo, kila kimoja na upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli, vikiwa vimepangwa safu sambamba na kichwa cha mwanamke. Kila jagi lingekuwa ukingo, na kila ukingo ni mahali ambapo giza na mwanga vinagombana, na ugomvi wa namna hiyo jicho haliwezi kuupita bila kuutazama. Uso wa mwanamke ungekuwa na washindani watano sita mgongoni. Tenga nalo lingelivuta jicho chini, kona ya mbali kabisa na maziwa. Vermeer aliviona, akavipima, akaviua. Tenga alilibadilisha na kijisanduku kidogo cha mbao chenye kibakuli cha makaa, cha kupashia miguu joto, rangi yake ikikaribiana na ya sakafu. Pembeni yake kuna vigae vidogo vya buluu chini ya ukuta, kimoja kina Kupidi, mungu wa mapenzi, na upinde wake. Wafasiri wamemwandikia yule Kupidi kurasa nyingi kuhusu mapenzi ya watumishi. Sina ugomvi nao. Ninachokiona mimi ni kwamba amepakwa hafifu sana, ili jicho lisilomtafuta limpite salama.

Swali linalobaki ni msumari. Mtu aliyekuwa tayari kufuta ubao mzima wa majagi, kwa nini aliacha msumari mmoja, tena akaupakia kivuli chake? Nadhani ni kwa sababu ukuta mtupu kabisa usingekuwa ukuta tena. Ungekuwa rangi iliyopakwa nyuma ya mtu. Msumari unaliambia jicho kwamba hapo kuna kitu kigumu, kina umbali fulani, na mwanga unakipitia. Ukubwa wake hautoshi kulishikilia jicho, ila unatosha kulipa mahali pa kugusa kabla ya kugeuka. Kila picha inahitaji vituo vya namna hiyo, na wachoraji wengi huvifanya vikubwa mno.

Sasa rangi. Ukisimama mbali, mwanamke huyu ni vitu vitatu: kizibao cha manjano, aproni ya buluu na sketi nyekundu. Manjano yake ni ya risasi na bati, unga uliotumika sana na wachoraji wa Uholanzi wa wakati ule, nayo imepakwa nene, kwa mapigo yanayoonekana, kama nguo nzito ya kazi inavyostahili. Buluu ni ultramarini, iliyosagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan, ikasafirishwa hadi Ulaya kwa bei ambayo iliifanya kuwa miongoni mwa rangi ghali kuliko zote. Zilikuwapo buluu za bei nafuu, na kwa nguo ya mtumishi wengi wangetosheka nazo. Vermeer aliitandaza ile ya ghali juu ya aproni ya kumiminia maziwa.

Gharama hiyo si ya kujionyesha. Manjano na buluu zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyingine ikolee. Jambo hili lilikuja kuelezwa kisayansi zaidi ya miaka 150 baadaye, na mahali pake palikuwa kiwandani. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Aliipima ile nyeusi, akaikuta haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa majirani: ikifumwa kando ya buluu na zambarau, nyeusi huonekana imefifia. Kitabu alichokitoa mwaka 1839 kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura kiliwafikia wachoraji wa vizazi vilivyofuata na wakakisoma kwa pupa. Vermeer hakuwa nacho. Alikuwa na macho na ukuta, na pale mikono ya nguo ilipokunjwa aliweka buluu inayoelekea kijani, ili manjano na buluu zisikutane kwa kishindo hapo karibu na jagi. Kishindo alikiacha kiunoni, kule ambako jicho likifika linapanda tena.

Na nyekundu? Hiyo ndiyo rangi inayopiga kelele kuliko zote, na mtu asiyeiogopa ataharibu picha nayo. Kuna kisa maarufu cha mwaka 1832 katika maonyesho ya Royal Academy, London. John Constable alikuwa anamalizia picha yake ya kufunguliwa kwa daraja la Waterloo, kazi aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka 10, yenye nyekundu na dhahabu tele. Kando yake ilining'inia bahari ya kijivu ya J. M. W. Turner, haina rangi ya kusema. Turner akaja, akatazama moja, akatazama nyingine, kisha akaweka juu ya bahari yake doa moja jekundu la ukubwa wa sarafu, akaondoka bila neno. Constable alilalamika kwamba mwenzake amekuja pale akafyatua bunduki. Turner alirudi baadaye akaligeuza doa lile kuwa boya. Wekundu wote wa Constable, uliotapakaa, ulikuwa umeshindwa na tone moja lililozungukwa na kijivu.

Vermeer alikuwa na bunduki hiyohiyo mkononi na hakuifyatua. Sketi ya mtumishi ni nyekundu iliyotiwa giza, iko chini kabisa, kivulini, sehemu yake kubwa imefunikwa na aproni. Kazi yake ni kuupa mwili uzito, miguu isimame sakafuni. Nyekundu nyingine iliyopo ni ya udongo wa jagi na chungu, nyekundu-kahawia tulivu, na ya mikono yenyewe. Mikono hiyo inastahili kutazamwa peke yake: kuanzia vifundoni kwenda vidoleni ngozi ina wekundu wa maji na kazi, na juu zaidi, mahali ambapo nguo hufunika siku nyingine, imepauka. Mpaka kati ya ngozi iliyofanya kazi na ngozi iliyofichwa uko hatua chache tu kutoka kwenye maziwa. Mchoraji amelieleza jambo zima kuhusu maisha ya mtu kwa tofauti ndogo ya rangi, na wakati huohuo ameliweka jicho mlangoni mwa jagi.

Kabla ya jagi, mikate, maana hapo ndipo wengi hunasa. Juu ya maganda ya mikate, ukingoni mwa kikapu na kwenye midomo ya vyombo, Vermeer aliweka nukta ndogondogo za rangi nyepesi, nene, zinazometa. Ukisogea karibu zinakuwa matone yasiyofanana na mkate hata kidogo. Ukirudi nyuma, ganda linakuwa na ukavu na punje unazoweza karibu kuzihisi. Kwa muda mrefu wamekuwapo wanaodai kwamba nukta hizi ni ushahidi wa kamera ya kizamani, chumba chenye giza na lenzi, kwa kuwa lenzi hutawanya mwanga kuwa viduara. Huenda aliwahi kutazama ndani ya chombo cha namna hiyo. Orodha ya mali aliyoiacha haikitaji. Na lenzi hufanya viduara hivyo juu ya vitu vinavyong'aa, si juu ya mkate mkavu. Nukta za mkate hazikutoka kwenye kifaa. Zilitoka kwa mtu aliyejua kwamba mkate utashindana na maziwa, akaamua kuupa haki yake.

Kuna ukatili fulani katika mikate hiyo. Vermeer alifariki Desemba 1675, akiwa na umri wa miaka 43, akiacha mke, watoto na madeni. Mmoja wa wadai alikuwa mwoka mikate wa Delft, Hendrick van Buyten, na deni la mkate lilikuwa limepita gilda 600. Mjane, Catharina Bolnes, alimkabidhi picha mbili za marehemu kama dhamana. Aliyechora mkate vizuri kuliko mtu yeyote katika karne yake hakuweza kuulipia.

Basi maziwa yanaushindaje mkate? Mkate uko mbele, uko mwangani, umejaa nukta zinazometa. Kwa kila kanuni ungepaswa kuwa mshindi. Lakini tazama vitu vyote vilivyo mezani: mkate una punje, kikapu kina msuko, jagi la bia la buluu limechongwa kwa mapambo, kitambaa kimekunjamana. Kila kitu kimekwaruzika. Maziwa peke yake ni laini, yamepakwa bila nukta, mfululizo mmoja mweupe unaojisokota kidogo unaposhuka. Jicho lililokuwa linahangaika katika chembechembe linafika pale na kupumzika. Hiyo ni tofauti ya ulaini na ukwaruzo, na inafanya kazi sawasawa na tofauti ya mwanga na giza, ingawa haitajwi sana.

Tofauti ya mwanga na giza nayo ipo, na imewekwa mahali padogo sana. Ndani ya mdomo wa jagi kuna giza. Kutoka kwenye giza hilo, bila hatua ya kati, bila kijivu cha kulainisha, ndipo panapotokea weupe wa maziwa. Kwingineko ndani ya picha mwanga unapungua taratibu kuelekea kivuli. Ukuta unachukua upana wote wa turubai kuhama kutoka kijivu hadi nyeupe. Hapa safari hiyo imekamilika katika upana wa ukucha. Katika chumba ambacho watu wote wananong'ona, sauti ya kawaida inasikika. Vermeer hakuhitaji kuyafanya maziwa yawe meupe kuliko kilemba cha mwanamke au kuliko ukuta. Alihitaji tu kuyaweka kando ya giza, na kuwanyima wengine nafasi hiyo.

Halafu uso. Yarbus alituonyesha kwamba jicho la binadamu hukimbilia uso kabla ya kitu chochote, na Vermeer, bila kumhitaji Yarbus, alijua kwamba uso wa mtumishi ndio mshindani hatari kuliko wote. Hakuweza kuufuta kama alivyofuta majagi. Akafanya jambo la ujanja: akauinamisha, akazishusha kope, akaupaka kwa mapigo mapana yasiyopambwa, nusu yake kivulini. Hakuna mboni inayokutazama. Hakuna tabasamu la kufasiri. Jicho lako linafika usoni, kama linavyopaswa, na halipati mazungumzo. Linapata mtu anayetazama kitu kingine. Nawe unafuata anakotazama yeye. Kwa hiyo uso umefanywa mtumishi wa maziwa.

Baada ya hayo, hesabu. Mistari ya dirisha, ukiirefusha kwa rula, inakutana nukta moja, juu kidogo ya mkono wake wa kulia ulioshika jagi. Wahifadhi wa picha walikuta pale tundu dogo la pini, na matundu ya namna hiyo yamekutwa katika picha nyingine kadhaa za Vermeer. Alichoma pini kwenye turubai, akafunga uzi uliopakwa chaki, akauvuta na kuupiga ili kupata mistari iliyonyooka. Sioni kama mistari hiyo inalivuta jicho kwa nguvu, maana ni michache na ukuta umeimeza. Wanaoiimba kila mara wanazidisha. Inachofanya ni kuzuia chumba kisipingane na mkono. Rangi zimekwisha kusema jambo lao, na jiometria inakubali kwa kichwa.

Watu wa zamani waliuona ubora wake mapema. Mwaka 1696, picha 21 za Vermeer zilipopigwa mnada mjini Amsterdam, hii iliuzwa kwa gilda 175, na iliyoizidi ilikuwa mandhari kubwa ya mji wa Delft iliyopata 200. Mwaka 1908 serikali ya Uholanzi iliinunua kutoka kwa warithi wa familia ya Six, baada ya mabishano marefu bungeni na magazetini kuhusu gharama. Ilikuwa fedha iliyotumika vizuri.

Msomaji, Rijksmuseum imeiweka picha hii mtandaoni bure, kwa ukubwa unaoruhusu kuona nyufa za rangi. Ifungue. Kwanza finya macho hadi vitu vidogo vipotee, uone giza na mwanga vilivyogawana chumba. Kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ugundue kazi ngapi zilikuwa za rangi na ngapi za mwanga. Mwisho ziba maziwa kwa ncha ya kidole, uone mwanamke anavyobaki amesimama bila sababu na jicho lako linavyotangatanga kati ya mkate, ndoo ya shaba na dirisha. Ukimaliza hapo, chukua picha nyingine yoyote unayoipenda, ya mchoraji yeyote, uifanyie jaribio hilohilo. Nyingi hazitastahimili.